Fundi wa Vichwa na Kichwa Chake

Nikolausi Qamara hakuwa daktari, na kwa jambo hilo aliwasikitikia madaktari. Yeye alikuwa mkulima wa maharage na ngano kidogo huko Gitting, mteremkoni mwa mlima Hanang, mwenye mke mmoja, Hilaria, binti mmoja, Violeth, na kisu kimoja kifupi alichokifunga kwenye kipande cha ngozi laini na kukilaza juu ya kabati, ambako hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka kitu kingine, hata taa. Kwa kisu hicho alipasua vichwa vya mbuzi.

Asiyefuga atashangaa, kwa hiyo tumsaidie. Kuna ugonjwa unaowapata mbuzi na kondoo wa huko. Mnyama hujitenga na wenzake, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha huanza kuzunguka papo hapo, anazunguka na kuzunguka mpaka anaanguka. Wafugaji wa tambarare za Getanuwas na Gehandu walijua tangu enzi za babu zao kwamba ndani ya kichwa cha mbuzi huyo kuna kifuko cha maji. Lakini kujua ni jambo moja na kukitoa ni jingine, ndiyo maana walipanda mlima wakiwa wamembeba mbuzi begani, wakauliza kwa Nikolausi ni wapi.

Nikolausi aliwapokea taratibu, kama mtu anayejua kwamba bila yeye mambo hayaendi. Alimlaza mbuzi, akampapasa fuvu kwa kidole gumba, huku amefumba macho, mpaka akapata mahali ambapo mfupa umelainika. Hapo alikata ngozi, akabandua kipande cha mfupa, na kwa kijiti chembamba akakivuta kile kifuko, cheupe, kinatetemeka. Alikiweka juu ya jani na kukipitisha mbele ya kila aliyehudhuria, akihakikisha hata wafupi wanaona. "Ugonjwa ndio huu," alisema. "Mmeuona kwa macho yenu." Halafu akawatupia mbwa wake, waliokuwa wanene kuliko mbwa wote wa kijiji.

Bwana mifugo aliwahi kupita na pikipiki ya serikali akamweleza kwa heshima zote: "Mzee, mbwa wakila hicho kifuko wanapata minyoo, wanakwenda kunya malishoni, mbuzi wanakula mayai ya minyoo pamoja na majani, na kifuko kinarudi kichwani. Kichome moto." Nikolausi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha mbwa. "Wewe unaona hawa wanaumwa?" Bwana mifugo akawasha pikipiki. Miaka ile wananchi walihimizwa wajiajiri, na Nikolausi alikuwa amejiajiri vizuri kabisa. Hata kazi ya kumtafutia wateja ilifanywa na mbwa wake.

Kutokana na kazi hiyo alipata falsafa, na mtu akishapata falsafa kwake hakuna tena mazungumzo, kuna mahubiri tu. Ugonjwa, alisema Nikolausi, ni kitu. Kitu kina mahali pake. Kilichopo mahali hutolewa, na kikitolewa huonekana. Kwa kipimo hicho aliyapanga magonjwa ya binadamu katika madaraja mawili. Ngiri, busha na kidole tumbo yalikuwa magonjwa ya heshima. Pumu, kisukari, presha na baridi yabisi aliyaita magonjwa ya maneno. Jirani yake aliyekuwa akikohoa kwa pumu usiku kucha alimpa pole ya juu juu tu, kama unavyompa mtu aliyekosa basi. Na mke wake mwenyewe alipotoka hospitali na habari kwamba ana presha, Nikolausi alimuuliza iko wapi. Hilaria akasema iko kwenye damu, mwili mzima. "Iko kila mahali maana yake haiko mahali popote," Nikolausi akasema. "Mama Violeth, huo si ugonjwa. Hiyo ni tabia." Hilaria akameza kidonge chake na maji, kama alivyomeza mengine mengi katika ndoa ile.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya mkoa mpya. Watu wa Hanang walilala wakiwa wa Arusha wakaamka wakiwa wa Manyara, na wakaahidiwa kwamba sasa maendeleo yatakuwa karibu, yaani Babati. Yalipofika Babati yakaonekana yamechoka na safari, yakapumzika kwanza. Lakini soko huria lilifika bila kupumzika. Pale Katesh maduka ya dawa yaliota kama uyoga, na mnadani alisimama mtu mwenye spika akiuza chupa moja iliyotibu kisukari, kifafa, ndoto mbaya na kukosa mchumba. Nguruwe nao walikuwa huru. Walizurura vichakani, wakala walichokikuta huko, na kwa kuwa vyoo vilikuwa vichache kuliko hotuba kuhusu vyoo, walikuta kingi. Jioni kitimoto kiliuzwa kila kona, kimeiva au kimekaribia kuiva, kutegemea njaa ya mteja.

Mwaka huo Violeth alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, akaitwa Maximilian. Hapa ni lazima tuache kumcheka Nikolausi kidogo. Yeye na Hilaria walizika watoto watatu kabla ya Violeth kuishi, na baada yake hawakupata mwingine. Alipoambiwa kuna mjukuu, mtu yule mwenye jibu la kila kitu alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake, na aliporudi akasema ni moshi. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi kabla hata ya kumwona.

Siku ya ubatizo, baada ya misa, watu walijaa uani kwa Nikolausi. Pombe ilikuwepo, nyama ilikuwepo, na kwaya iliyokuwa imeimba vizuri kanisani ilikuwa inaendelea kuimba, sasa si vizuri sana. Ukafika wakati wa babu kumpokea mtoto mbele ya watu na kumtakia heri. Nikolausi alisimama na koti lake jeusi, akanyoosha mikono. Violeth akamsogeza mtoto. Mikono ya babu ikaanza kutetemeka, na kila mtu akadhani ni furaha. Kisha shingo ikapinda upande mmoja, macho yakageuka yakabaki meupe, na Nikolausi Qamara akaanguka chini kama gunia, akawa anarusha miguu na kutoa povu. Mtoto, ashukuriwe Mungu, alikuwa bado hajaachiwa.

Watu wenye upendo wote walirudi nyuma. "Msimguse!" mmoja akapiga kelele, kwa sababu inajulikana na wasiojua kwamba povu la kifafa likikugusa nawe unaanguka. Hilaria peke yake ndiye aliyepiga magoti, akamlaza ubavu, akamfuta mdomo kwa kanga yake. Nikolausi alipozinduka aliona duara la watu limepanuka, na chungu cha pombe kimehamishiwa mbali, yaani hata pombe iliokolewa kabla yake.

Akaanguka tena shambani, na tena njiani akitoka mnadani. Baada ya hapo alikwenda kwa Violeth, nyumba ya pili tu kutoka kwake, akaomba ampakate mtoto. Violeth alimkumbatia Maximilian kwa nguvu zaidi. "Baba, nisamehe," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ukipona, siku hiyo hiyo nitakupa. Ukipona, baba."

Nikolausi alirudi nyumbani na neno hilo. Kupona alikujua vizuri sana. Mbuzi aliyekuwa akizunguka, akishapasuliwa, jioni huenda moja kwa moja zizini. Huko ndiko kupona. Na mtu aliyeinamisha shingo upande, akaanguka, tena yeye ambaye amewaona mbuzi wa namna hiyo tangu ujana wake, angehitaji kuambiwa anaumwa nini? Alishajua. Kilichobaki ni kumpata wa kupasua.

Wakaenda hospitali, yeye na Hilaria. Tabibu aliyewapokea aliitwa Restituta, mama wa makamo kutoka Mbulu, mwenye sauti ya kukata maneno. Alimsalimia mzee kwa shikamoo, akauliza maswali mengi, hadi kuhusu choo cha nyumbani na nyama ya nguruwe, mambo ambayo Nikolausi aliona hayahusiani na kichwa. Alipopewa nafasi, alimfundisha tabibu kazi.

"Binti yangu, mimi nitakurahisishia. Kuna kifuko. Unapapasa kwa kidole gumba, pale palipolainika unakata, unavuta polepole. Usivute kwa pupa, kitapasuka."

Restituta hakucheka, na kwa hilo tu anastahili mshahara wake wote. "Mzee, kuhusu kifuko inawezekana hukukosea sana," akasema. "Huku kwetu kifafa cha ukubwani mara nyingi kinatokana na mayai ya mnyoo wa nguruwe. Mtu mwenye huo mnyoo anajisaidia ovyo, mayai yanaingia kwenye mboga, kwenye maji, kwenye mikono, wewe unayameza bila kujua. Lakini kichwa cha mtu si cha mbuzi. Vikiwepo, vinaweza kuwa vingi, vidogo kama punje za mtama, vimetawanyika huku na huku. Nipasue wapi? Nitoe kipi, niache kipi? Huu ugonjwa wako hatuutibu kwa kisu. Tunautibu kwa vidonge."

"Na hivyo vidonge vitakitoa lini?"

"Havitatoa kitu. Vinazuia kuanguka."

"Mpaka lini?"

"Miaka. Pengine maisha yako yote. Na usiache hata siku moja, maana ukiacha ghafla utaanguka vibaya kuliko mwanzo. Usikae karibu na moto, usipande juu ya mti, na kisu kikali weka mbali."

"Kwa hiyo sitapona."

"Utaishi vizuri, mzee wangu. Hilo si dogo."

Kwake lilikuwa dogo. Angemwambia nini Violeth? Kwamba babu hajapona, ila anameza? Mtu aliyeyadharau magonjwa ya maneno maisha yake yote alikuwa ameandikiwa la kwake, tena kubwa, lisilo na mahali, lisilo na jani la kuwekewa. Vidonge alivipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akavifikisha nyumbani na kuvitia ndani ya kopo la majani ya chai, ambamo vilikaa salama bila kumtibu mtu yeyote.

Badala yake aliinamisha kichwa mapajani kwa mkewe kila jioni. "Mama Violeth, papasa. Tumia kidole gumba. Palipolainika uniambie."

Hilaria alipapasa. "Hapa pagumu. Hapa nako pagumu." Akaendelea hadi kisogoni. "Baba Violeth, kichwa chote ni mfupa mtupu. Mimi nilikuwa najua tangu tunaoana."

Nikolausi akahitimisha kwamba wanawake hawana kidole cha kazi hiyo. Akamwendea Tomaso, mdogo wake Hilaria, mwanafunzi wake wa miaka mingi katika kazi ya kisu. Tomaso alikuwa mtu mpole ambaye hajawahi kusema hapana kwa mtu aliyemzidi umri, na upole wa namna hiyo umeshazika watu wengi. Alipapasa kichwa cha shemeji yake na, kwa kuona haya kumwambia mkubwa kwamba hakuna kitu, akasema nyuma ya sikio la kushoto kama panabonyea kidogo. Nikolausi akafurahi kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Wakapanga iwe Jumapili, Hilaria akiwa kanisani.

Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini Jumamosi Nikolausi alijinyoa kichwa kizima kwa wembe. Huko kwao kichwa kilichonyolewa hivyo ni cha mfiwa. Akitoka tu nje, jirani wa pumu akavuka barabara kumpa mkono. "Pole sana mzee. Umefiwa na nani?" Nikolausi akasema hajafiwa. Jirani akatikisa kichwa kwa huruma. Wengine huzuni huwazidi mpaka wanakataa. Kufikia jioni watu kadhaa walikuwa wamefika na unga na kuni, na Hilaria, aliyewapokea, akapata nafasi ya kukitazama kichwa cha mumewe kwa utulivu. Hakuuliza kitu. Alikwenda kwa Tomaso na kumuuliza yeye, na Tomaso, ambaye hajawahi kusema hapana kwa mkubwa wake, akamweleza yote.

Jumapili asubuhi Hilaria alivaa sare ya kwaya akatoka. Nikolausi akatandika ngozi uani, akakaa, akakifungua kisu na kukikabidhi. Alikuwa mtulivu. Alikuwa ameshapanga hata maneno: angemtuma Tomaso amwite Violeth aje na mtoto, aone kile kifuko juu ya jani kwa macho yake, kisha asiwe na sababu tena. Tomaso akakinoa tena kisu, ingawa kilikuwa kikali tayari.

Hilaria akarudi kabla kengele ya pili haijalia.

"Shikamoo dada," Tomaso akasema, na kisu mkononi.

"Marahaba. Umekinoa vizuri?"

"Nimekinoa."

"Vizuri." Akavuta kigoda akakaa mbele yao na sare yake. "Sitawazuia. Mimi ni mwanamke, kazi hii siijui. Nauliza kimoja tu, kisha mtaendelea. Mbuzi akishindikana pale chini ya kisu, akaanza kulegea, huwa mnamfanyaje?"

Kuku walipita katikati yao.

"Tomaso, nakuuliza wewe."

"Tunamwahi koo, dada. Tunamchinja kabla hajafa."

"Ehee. Ili nyama isiharibike." Hilaria akakubali kwa kichwa, kama mtu anayefundishwa. "Sasa nataka nijue mapema. Baba Violeth akianza kulegea, utamwahi koo? Nitoe sufuria kubwa, au ile ya ubatizo inatosha? Na nyumbani kwa Violeth tupeleke kipande gani?"

Mbuzi walikuja kichwani mwa Nikolausi mmoja mmoja. Si wale waliokwenda zizini wanatembea sawa, wale wengine. Hakuna mfugaji aliyewahi kusema Nikolausi ameniulia mbuzi. Waliopona walihesabiwa kuwa wamepona, walioshindikana walihesabiwa kuwa kitoweo, na kwa vyovyote mwenye mali aliteremka mlima akimshukuru. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye supu nyingi sana, akipewa maini kama fundi. Ni wangapi? Hakujua. Hakuna mtu anayehesabu mboga.

Aligusa nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa pagumu kama jiwe.

"Tomaso," akasema kwa sauti ndogo, "hapa kweli panabonyea?"

Tomaso akatazama chini. "Hapana, shemeji. Nilikuonea huruma."

Akaanza kulia Nikolausi, mbele ya mke na shemeji, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Hakulia kwa sababu ya kifo. "Hatanipa mtoto," alisema. "Mama Violeth, nitakufa sijamshika." Hilaria alimwondolea Tomaso kisu mkononi, akaingia ndani, akarudi na kopo la majani ya chai na kikombe cha maji. Nikolausi akameza. Kidonge kilinuka chai.

Tungependa kusema kwamba siku hiyo alibadilika akawa mtu mwenye busara. Alilalamika kila siku. Alisema vidonge vinamtia usingizi, vinamfanya mzito, vimetengenezwa na watu wasiojua kazi. Alipomaliza miezi kadhaa bila kuanguka alitangaza kwamba amepona na haoni sababu ya kuendelea, na Hilaria akamuuliza kama atoe sufuria. Walimeza vidonge pamoja sasa, asubuhi, yeye cha kifafa na mkewe cha presha, na siku moja, huku anatazama pembeni, alimuuliza kama ile presha yake huwa inamuuma. Hilaria alishangaa hata akasahau kumjibu kwa kejeli. Alisema haiumi, ila anaiogopa.

"Ndiyo," Nikolausi akasema. "Hata mimi."

Kliniki alimuuliza Restituta swali lile lile kila alipokwenda: nimepona? Na Restituta alimpa jibu lile lile: "Hujaanguka, mzee." Hakuna jani, hakuna kitu cha kupitisha mbele ya watu. Wageni kutoka Gehandu walipoleta mbuzi wao, Tomaso ndiye aliyeshika kisu, na Nikolausi alikaa mbali akisahihisha kila kitu.

Maharage yalikuwa yameanikwa uani siku Violeth alipoingia na Maximilian kiunoni. Mtoto alikuwa ameshaota meno. Violeth alimtazama mama yake, mama yake akaendelea kupepeta. Basi Violeth akamwendea baba yake aliyekaa juu ya ngozi, mbali na moto kama alivyoagizwa, akamweka mtoto mikononi mwake.

Hakuondoka. Alibaki ameinama hapo hapo, mikono imenyooshwa chini ya mtoto, haimgusi, lakini haiko mbali. Nikolausi aliiona. Alisubiri ishuke. Ilipokuwa haishuki, aliielewa: haitashuka leo, wala mwakani, wala siku mtoto huyu atakapokuwa mzito kiasi cha kumshinda. Zamani angemfukuza kwa neno moja. Maximilian alikuwa ameshamshika pua na kuivuta kwa nguvu zote.

"Mama Maximilian," akasema, bila kuinua macho, "sogea karibu kidogo."

Violeth akasogea, akapiga magoti kwenye ngozi.